Mtoto ameikataa kazi uliyomtengenezea? Kagua sinia kwanza

Umekesha ukikata boksi la kadibodi, ukatoboa tundu la duara, ukatafuta mpira unaopita humo vizuri, ukapanga kila kitu kwenye sinia. Asubuhi mtoto anakuja, anauokota mpira, anautupa chini ya kiti, kisha anakaa kimya dakika ishirini akichezea utepe wa gundi uliousahau sakafuni. Hasira inayokupanda hapo naijua. Nimelea wawili kwa mtindo huu wa Montessori wa kujitengenezea, ambapo mtoto hujifunza kwa mikono yake kupitia kazi ndogo zilizopangwa kwenye masinia rafuni, na jambo lililonichukua muda mrefu kulikubali ni kwamba karibu kila mara kasoro ilikuwa kwenye sinia, kwenye mahali nilipoliweka, au kwenye mdomo wangu. Mtoto alikuwa ananiletea taarifa tu, nami nikaisoma kama utundu.

Haya yanamhusu mtoto wa kati ya miezi 12 na miaka mitatu. Kabla hujabadilisha chochote, kaa umbali wa hatua mbili, mikono mapajani, mdomo umefungwa, umtazame. Fanya hivyo siku mbili tatu. Tazama mkono wake kuliko uso: mkono ndio unaosema ni wapi pamekwama. Ukishapata unachoshuku, badilisha kitu kimoja. Fundi anayebadilisha vipuri vitatu kwa mpigo redio ikapona, hatajua kamwe kipi kilikuwa kibovu.

Anaitazama mara moja, anaondoka

Dalili hii ina vyanzo vinne na kwa mbali vinafanana, kwa hiyo watu wengi hukimbilia kutengeneza kazi nyingine mpya. Subiri kidogo.

Akiifanya mara moja, haraka, bila kosa, kisha akaondoka, ni rahisi mno. Ameshaijua. Iongeze ugumu kidogo: tundu liwe dogo zaidi, vitu viwili viwe vitatu, kifuniko cha kuvuta kiwe cha kuzungusha.

Akiigusa, akajaribu, mkono ukasita, kisha akaigeuza kuwa kitu kingine kabisa (sinia likawa gari, bakuli likawa kofia), ni ngumu mno. Hapa kosa mara nyingi ni la umri. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua Casa dei Bambini (“Nyumba ya Watoto”, shule yake ya wadogo) ya kwanza mtaa wa San Lorenzo mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, na watoto aliowapokea wengi walikuwa na miaka mitatu na zaidi. Zana mashuhuri zilizozaliwa kwenye kazi hiyo zilipimwa kwa mikono ya watoto hao. Mnara wa waridi, kwa mfano, una vipande kumi vya mchemraba, kikubwa kina sentimita 10 kila upande na kidogo kabisa kina sentimita 1. Ukimkalisha mtoto wa miezi 18 na vipande kumi vya kadibodi umemtwisha mzigo wa wenzake wakubwa, na kile cha sentimita 1 kitaishia mdomoni. Mpe vitatu vinavyotofautiana kwa uwazi, kikubwa, cha kati na kidogo, na hicho kidogo kisimwingie kinywani.

Akiisogelea, akazungusha kitu mkononi kisha akakitazama kama anayesubiri maelezo, hajui kazi yenyewe ni ipi. Hukumwonyesha, au ulimwonyesha huku ukiongea. Mtoto wa umri huu akisikiliza maneno, mikono yako haioni. Onyesha polepole hadi wewe mwenyewe uone aibu, bila neno hata moja. Kisha rudisha kila kitu kilivyokuwa mwanzoni umsogezee.

Chanzo cha nne ndicho cha kawaida kuliko vyote: rafu imejaa. Nilikuwa na kazi kumi na moja kwenye rafu moja na nilijivunia sana. Mwanangu alizipitia zote kwa dakika sita kama mkaguzi. Nilipobakiza nne, zile zile za zamani, alikaa na moja kwa robo saa. Nne zinamtosha, sita ni mwisho. Zingine ziweke kabatini uzizungushe, ukibadilisha moja au mbili tu kila unapoona imeachwa kwa siku kadhaa. Ukibadilisha rafu yote siku moja, umemhamisha mtoto nyumba.

Anamwaga maji

Kumimina ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayoachwa mapema kuliko zote, kwa sababu ya sakafu. Lakini maji yakimwagika yanakueleza kwa usahihi wa ajabu ni kitu gani kibovu.

Maji yakimwagika mwanzoni kabisa, jagi linaponyanyuliwa, jagi ni zito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa mtoto wa kilo 11, kulinyanyua jagi la lita moja ni kama mtu mzima wa kilo 70 kuinua kilo sita na zaidi kwa mkono mmoja, kwenye kishikio chembamba, huku akilenga shabaha. Jagi lake lisizidi ujazo wa kikombe kimoja cha chai, na liwe na kishikio kinachoingiza vidole vyake vyote.

Yakimwagika katikati, yakitiririka kwenye tumbo la jagi badala ya kuruka mbele, mdomo wa jagi ndio wenye kasoro. Mtu mzima hulirekebisha hilo kwa mkono bila kujua. Mimina wewe mwenyewe polepole mno kama anavyofanya yeye: jagi likikutiririkia wewe, halimfai yeye.

Yakimwagika mwishoni, bilauri ikifurika, umeweka maji mengi. Hili lina tiba nzuri kwa sababu haihitaji maneno. Tia ndani ya jagi maji yanayoweza kuingia bilaurini tu, yapungue kidogo, ili hata akimimina yote hadi tone la mwisho yasifurike. Baadaye, akishakuwa mahiri, zungushia bilauri utepe wa rangi sehemu ya kusimama, uongeze maji. Sasa utepe ndio unaomwambia “basi”, na wewe unakunywa chai yako.

Bilauri ikipinduka, meza iko juu mno au chombo ni chepesi. Viwiko vya mtoto viwe sawa na uso wa meza au juu yake kidogo. Vikombe vyepesi vya plastiki watu huvichagua kwa usalama, nami naelewa, ila hupinduka kwa kuguswa tu na havimfundishi mkono kitu. Bilauri ndogo nzito yenye kuta nene hutulia. Itavunjika siku moja. Ikivunjika mnyanyue mtoto kwanza, vigae utaviokota baadaye, wala usipige kelele: mlio wenyewe umeshasema yote.

Kisha kuna yule anayekutazama machoni, anainamisha jagi juu ya zulia na kumwaga kwa utulivu kama anayenyweshea bustani. Huyo hana tatizo la jagi. Anachotaka ni mtiririko wenyewe, na bilauri kwake ni kikwazo. Mpe beseni, vikombe viwili na chujio, mahali panaporuhusu kulowa, achote na kumwaga mpaka achoke. Lile sinia la kumimina lirudishe baada ya wiki kadhaa.

Kitambaa cha kufutia kiwe kwenye sinia siku zote, kimekatwa kiasi cha kiganja chake. Kitambaa kikubwa hukunjamana na kusukuma maji tu. Mwonyeshe kufuta siku ambayo hakuna kilichomwagika, dondosha matone matatu makusudi. Kufuta kukija mara ya kwanza baada ya ajali, mtoto hukisikia kama adhabu. Binti yangu aliishia kumwaga ili afute, na nilihesabu hiyo kuwa ushindi.

Anarusha kila kitu

Usikimbilie neno “hapana” kabla hujajua ni mrusho gani.

Kuna mrusho wa kuchunguza. Anaangusha kijiko, anatazama kilipoanguka, anaangusha pamba, anatazama, anainua mkono juu zaidi na kujaribu tena. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alimwandikia kumbukumbu mwanawe Laurent, wa miezi 10, akifanya jambo hilo hilo: akiangusha vitu huku akibadilisha mkao wa mkono na kutazama vinapofikia. Huyo wako naye yuko maabara. Mpe kazi ambayo kuangusha ndiyo kazi yenyewe: mipira laini na kapu, mpira unaotelemka ndani ya bomba refu la kadibodi lililobandikwa ukutani, kitu cha kudondosha kwenye ndoo ya bati kikalia. Kwenye masinia mengine ondoa chochote kizito.

Kuna mrusho wa kumaliza. Kazi imekwisha, kipande cha mwisho kimeingia, na sasa vyote vinaruka. Hana hasira, hajui tu kwamba kazi ina mwisho na mwisho una mahali pake. Sogea wakati anakaribia kumaliza, si baada ya kurusha, na mnyooshee kikapu mkononi: “Hapa.” Baada ya siku chache kikapu chenyewe kinatosha.

Mrusho wa hasira huja baada ya kushindwa mara mbili tatu, na dawa yake iko hapo chini, kwenye sehemu ya “Analia, anapiga sinia, anakasirika”.

Na kuna ule anaokutazama kwanza, kisha anaachia. Huo unakuhusu wewe. Ukiruka kila anaporusha, umekuwa sehemu ya mchezo, tena sehemu yenye kelele nzuri. Punguza maonyesho: chukua sinia kimya, lirudishe rafuni, sema “Tutaifanya tena baadaye,” basi. Kisha jiulize kama kwa siku nzima umempa dakika kumi za kukaa naye bila sinia, bila simu. Mara nyingi jibu huwa linaumiza kidogo.

Anaweka kila kitu mdomoni

Hapa mimi si mpole. Mdomo ni kiungo cha kujifunzia kwa umri huu, na kumkataza hakutasaidia kitu. Kinachobadilika ni vitu, si mtoto.

Kipimo cha viwandani huko Marekani kwa vitu vya kuchezea vya walio chini ya miaka mitatu ni bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7: kitu kinachozama chote ndani yake hakifai. Nyumbani, kiini cha kadibodi cha karatasi ya chooni kinafanya kazi hiyo, na kwa kuwa ni kipana zaidi kinakupa ukali wa ziada. Kikipita humo, hakiingii kwenye sinia. Kwa hiyo shanga ndogo, vifungo, kokoto na punje kavu za kuchambua, ambazo picha zake zinapendeza sana, ni za mtoto mkubwa zaidi. Punje kavu zina ubaya mwingine: zikiingia puani au sikioni hunyonya unyevu na kuvimba. Maharage mabichi ya aina ya figo yana sumu inayosumbua tumbo mpaka yachemshwe vizuri. Mipira midogo ya jeli inayovimba kwenye maji usiiruhusu hata mlangoni, wala betri bapa za mviringo, wala sumaku ndogo.

Nitajuaje basi kumfundisha kuchambua? Kwa vitu vikubwa: soksi, vijiko na vikombe, vifuniko vipana vya mitungi. Kuchota kuanzie kwenye mipira ya saizi ya limau kwa upawa, si nafaka kwa kijiko. Na kwa sababu hiyo hiyo mimi huanza kumimina kwa maji badala ya punje, tofauti na wengi wanavyoshauri: maji hayamkabi, na kosa linaonekana papo hapo. Ila maji nayo yana sheria yake. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, kwa hiyo usiondoke hata kwenda kufungua mlango, na beseni limwagwe mara kazi inapokwisha.

Analia, anapiga sinia, anakasirika

Karibu daima kuna magumu mawili au matatu yamefungwa pamoja, nawe ulidhani ni moja. Montessori alishikilia sana kanuni ya kutenga ugumu: kazi moja, jambo moja geni. Zana za kujitengenezea huivunja kanuni hii kwa siri, maana kadibodi haina nidhamu.

Chukua boksi la kutumbukiza vitu. Wewe unafikiri anajifunza kulenga tundu. Yeye anapambana na boksi linaloteleza mezani, ukingo wa tundu uliochanika unaokwamisha kipande, na mfuniko anaohitaji kuufungua ili vipande vitoke. Ni kazi nne. Weka kitambaa chenye unyevu chini ya boksi lisiteleze, au tia jiwe zito na kulibandika ndani. Lainisha ukingo kwa msasa au uuzungushie utepe. Kata mlango wazi nyuma ili kipande kijitokeze chenyewe. Lile tundu libaki peke yake kama tatizo, halafu tazama uso wake unavyobadilika.

Mpangilio wa matundu nao una ngazi zake na ukiruka moja utasikia kilio. Mpira kwenye tundu la duara kubwa huja kwanza, maana mpira hauna upande. Kisha kifuniko bapa kwenye mwanya uliolala kushoto kwenda kulia. Kisha mwanya ule ule uliosimama, unaodai kifundo cha mkono kigeuke. Mwanya wa kusimama ukimtoa machozi, zungusha boksi robo duara tu. Huhitaji kutengeneza jingine.

Kutunga vitu kwenye uzi kuna hila hiyo hiyo. Uzi hulegea, na kulegea ni ugumu wa kwanza ambao hakuna aliyeuona. Anza na kijiti kinene chenye ncha butu kilichosimamishwa kwenye donge la udongo, atumbukize pete kubwa juu yake. Kisha kijiti kile kile mkononi. Kisha kamba ya kiatu yenye ncha iliyozungushiwa utepe urefu wa kidole. Uzi mtupu ni wa mwisho kabisa, na usiuache bila mtu mzima, unaweza kumzunguka shingoni.

Kasoro nyingine ya kilio ni kazi isiyosema kweli. Montessori alitengeneza vibao vya mitungi (vipande vya mbao vya mviringo kama vigogo vidogo), kila kibao na mitungi kumi na matundu kumi: ukikosea mmoja, mwishoni unabaki na mtungi usio na shimo, na hakuna aliyekusuta. Kama kazi yako inahitaji wewe useme “umekosea”, mtoto anakuwa anapigwa na maneno. Chora kivuli cha kila kifaa chini yake. Weka vikombe vitatu kwa vijiko vitatu. Kosa lijionyeshe lenyewe.

Ananiita nimfanyie mimi

Hapa angalia mikono yako. Mara ngapi leo umenyoosha kipande kilichopinda “kidogo tu”? Kila mara unapofanya hivyo unamwambia kwamba mikono inayofaa iko kwako, naye ni mwerevu, anaamini. Niliambiwa hivi na mama yangu, ambaye hajawahi kulisikia jina Montessori: “Mwache, mwanangu, wewe mbona ulivaa kiatu mguu mbaya mwaka mzima?”

Akikuita, nenda, kaa, lakini chukua hatua moja tu. Kwenye zipu, unganisha chini na uvute hadi karibu na mwisho, umwachie sentimita tatu za juu. Kesho mwachie sita. Ule mtekenyo wa kumaliza unabaki kwake, na hamu hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi aikamate zipu nzima. Kumshika mkono na kuuendesha kwa nguvu sikushauri. Mkono unaoendeshwa hulegea.

Anataja rangi zote vibaya

Pengine humfundishi, unamtahini. Montessori aliazima kutoka kwa daktari Mfaransa Édouard Séguin somo lenye hatua tatu. Kwanza unasema: “Hii ni nyekundu. Hii ni bluu.” Kisha unaomba: “Nipe nyekundu. Weka bluu kichwani.” Mwisho kabisa ndipo unauliza: “Hii ni rangi gani?” Wazazi wengi huanza na la tatu, mbele ya wageni. Mtoto wa miaka miwili hukaa kwenye hatua ya pili wiki nyingi, na hapo ndipo raha ilipo: apeleke nyekundu dirishani, aifiche bluu chini ya mkeka. Akikosea usimsahihishe, rudi hatua ya kwanza siku nyingine. Na vifaa vyako vitofautiane kwa rangi tu. Kama nyekundu ni gari na bluu ni mpira, yawezekana anaamini “bluu” ni jina la mpira.

Anarudia kitu kile kile wiki nzima

Hii si kasoro. Nimeiweka humu kwa sababu huripotiwa kama kasoro. Pale San Lorenzo, Montessori alimtazama msichana wa takriban miaka mitatu akitoa na kurudisha mitungi kwenye matundu yake zaidi ya mara 40, akiwa hajali watoto waliokuwa wakiimba na kutembea kumzunguka, hata baada ya kuinuliwa na kiti chake na kuwekwa juu ya meza. Alipomaliza alitabasamu kama aliyeamka kutoka usingizini. Kazi yako ni moja: usimkatize. Usimsifu wakati huo, usipige picha, usimwite aje ale kama chakula kinaweza kusubiri dakika tano. “Hongera!” ya katikati hukata uzi sawasawa na “acha!”

Hataki kurudisha vitu

Rafu haisomeki. Bandika picha au chora umbo la sinia mahali pake. Sinia moja, nafasi moja. Na kabla ya miaka miwili na nusu hivi, “turudishe” maana yake ni wewe kubeba sinia na yeye kubeba kitambaa. Inatosha.

Mkubwa anaingilia, mdogo anabomoa

Kazi zenye vipande vidogo zifanyike juu ya meza ambayo mdogo haifikii, za mdogo ziwe chini kwenye mkeka. Mkeka ni mpaka: kinachofanyika juu yake ni cha aliyeutandika. Mkubwa huielewa sheria hii haraka kama itamlinda na yeye pia.

Sinia ni zima, lakini bado kuna kitu

Mambo machache hayahusu sinia hata kidogo. Kama mtoto anatumia mkono mmoja tu na kuusahau mwingine kabla ya miezi 18, kama alikuwa na maneno au uwezo fulani na sasa umepotea, kama hageuki akiitwa, au kama vidole havibani kitu kidogo wakati mwaka umeshapita, mpeleke kwa daktari wa watoto bila kungoja aone rafu mpya. Daktari atakuuliza umeona nini na lini. Zile siku ulizokaa mikono mapajani zitakusaidia hapo.

Nimerekebisha yote, na bado anazikimbia

Basi zifungie zote wiki moja. Pale Roma watoto walipewa pia vitu vya kuchezea vizuri, na Montessori alistaajabu kuona hawavitaki, walitaka kazi. Masinia yetu nayo, tukisema kweli, mara nyingine ni vitu vya kuchezea vilivyovaa nguo za kazi. Anayekimbia sinia la kumimina huenda anataka kumwagilia mmea halisi unaonyauka. Anayekataa fremu ya vifungo, kile kitambaa cha kujifunzia kufunga vifungo, anataka shati lake.

Kata mpini wa ufagio ufike kifuani pake. Mpe kikombe chake kimoja akioshe, hata kama sabuni itabaki. Mpe kikapu cha nguo akupitishie moja moja unapoanika, ndizi na kisu butu cha kupakia siagi akate vipande vyake mwenyewe, kitambaa afute vumbi kwenye kiti. Ni polepole, na utafagia tena baada yake akiwa amelala. Siku ya saba au ya nane toa sinia moja tu kabatini, lile lililofanana zaidi na kazi aliyoipenda wiki hiyo, uliweke rafuni bila kulitangaza, ukae hatua mbili nyuma.